Somo la Nne: Bidhaa Moja, Watoto Wanne

Namna ya kununua, kupima na kuhifadhi bidhaa katika nyumba yenye watoto wadogo zaidi ya mmoja

Madhumuni ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji anatarajiwa kuweza:

(a) kueleza kwa nini bidhaa iliyo salama kwa mtoto mmoja yaweza kuwa hatari kwa ndugu yake;
(b) kupima dawa, maziwa na chakula kwa kila mtoto peke yake;
(c) kupanga nyumba kwa kumfikiria mtoto aliye mdogo kuliko wote;
(d) kulinganisha bei kwa hesabu, si kwa ukubwa wa pakiti;
(e) kutambua mahali pa kupeleka malalamiko bidhaa inapokuwa na kasoro.

1. Utangulizi

Masomo yaliyotangulia yalimtazama mlaji akiwa dukani: anauliza bei, anasoma lebo, analipa na kudai risiti. Somo hili linamfuata hadi nyumbani, kwani bidhaa haimalizi safari yake pale inapolipiwa. Huingia jikoni, hukaa kabatini, hushikwa na mikono mingi, na mara nyingi mikono hiyo ni ya watoto.

Lebo nyingi huandikwa kana kwamba ndani ya nyumba mna mtoto mmoja tu. Husema, "mpe mtoto kijiko kimoja", au "kwa watoto wa miaka 3 na zaidi". Nyumba zetu kwa kawaida haziko hivyo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8 katika maisha yake. Maana yake ni kwamba katika nyumba nyingi yumo mtoto anyonyaye, mwingine anayejifunza kutembea, mwingine anayeuliza maswali na mwingine anayekwenda shule, na wote hutumia kabati moja, meza moja na chupa moja ya dawa.

Kwa hiyo hatari haimo ndani ya bidhaa peke yake. Imo pia katika tofauti ya umri baina ya watoto. Gololi ya mtoto wa miaka 7 ni mchezo. Ikifika mdomoni mwa mdogo wake wa miezi 9, yaweza kumziba pumzi. Kidonge kinachomtibu mkubwa chaweza kumdhuru mdogo. Kutokana na ukweli huu somo lina kanuni mbili, na yote yatakayofuata ni matumizi ya kanuni hizo:

*Kanuni ya kwanza: pima kwa kila mtoto.*
*Kanuni ya pili: hifadhi kwa ajili ya mtoto aliye mdogo kuliko wote.*

2. Nyumba ya mfano

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa familia inayoishi katika chumba na sebule mjini. Ina watoto wanne. Kifunguamimba ana miaka 7 na uzito wa kilo 22. Anayemfuata ana miaka 4 na kilo 16. Wa tatu ana miaka 2 na kilo 12. Kitindamimba ana miezi 5 na kilo 6. Baba hutoka alfajiri kwenda kazini. Mama anauza vitafunwa nje ya nyumba, na bibi huja kusaidia siku kadhaa kwa juma. Familia hii haina uzembe wowote. Ina kazi nyingi na macho machache, kama zilivyo familia nyingi.

3. Dawa: homa moja, vipimo vinne

Tuseme watoto wawili au watatu wa nyumba hii wamepata homa juma moja. Mama ana chupa moja ya dawa ya maji ya parasetamoli. Je, kijiko kimoja kinawafaa wote?

Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, kwa kila dozi. Dozi moja na nyingine zitenganishwe kwa saa zisizopungua 4, na zisizidi dozi 4 ndani ya saa 24. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Kwa dawa hiyo, mtoto wa kilo 6 hutosheka na mililita 2.5, wa kilo 12 na mililita 5, na wa kilo 22 na mililita 10. Chupa ni moja na homa ni moja, lakini kipimo cha mkubwa ni mara nne ya kile cha mdogo.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba si chupa zote za parasetamoli zina nguvu sawa. Zipo dawa za matone zenye miligramu 100 katika kila mililita 1. Mama aliyezoea kumpa mtoto kijiko cha mililita 5, akinunua chupa ya matone na kuendelea na kijiko kilekile, humpa mtoto miligramu 500. Kwa mtoto wa kilo 6 kiasi hicho ni zaidi ya mara nane ya miligramu 60 zinazomtosha. Parasetamoli ikizidi sana huharibu ini, na dalili zake huweza kuchelewa hata siku nzima, wakati ambapo mzazi anadhani mtoto amelala kwa sababu homa imeshuka.

Kutokana na hayo, mlaji azingatie mambo yafuatayo:

(i) *Soma nguvu ya dawa kila unaponunua chupa mpya*, hata kama jina ni lilelile. Tafuta idadi ya miligramu na idadi ya mililita, na umwombe mfamasia aandike kipimo cha kila mtoto kwa kalamu juu ya boksi.

(ii) *Tumia kifaa cha kupimia kilichokuja na dawa*, kiwe kikombe kidogo au bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Kimoja hujaa zaidi ya kingine.

(iii) *Jua uzito wa kila mtoto.* Uzito wa walio chini ya miaka 5 huandikwa katika kadi ya kliniki. Aliyekwisha kuvuka umri huo apimwe kwenye zahanati au duka la dawa lenye mizani. Umri pekee haupimi dozi vizuri, kwa kuwa watoto wa rika moja hutofautiana uzito.

(iv) *Weka daftari la dawa.* Katika nyumba yenye walezi wawili au watatu, kosa la kawaida ni mtoto mmoja kupewa dawa mara mbili na mwingine kusahaulika. Mama ametoa dozi saa moja asubuhi. Bibi, bila kujua, anatoa nyingine saa mbili. Daftari la shule lililofungwa kamba kando ya kabati latosha. Andika jina la mtoto, dawa, kiasi, saa na aliyetoa.

(v) *Chunguza dawa za mafua na kikohozi.* Baadhi yake zina parasetamoli ndani. Mtoto akipewa hizo pamoja na dawa ya homa huwa amepewa dawa moja mara mbili kwa majina mawili tofauti.

Pamoja na hayo, dawa ya kushusha joto haitibu chanzo cha homa. Mtoto mwenye homa apelekwe apimwe malaria, na mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Aspirini asipewe mtoto isipokuwa kwa agizo la daktari.

4. Dawa ya mtoto mmoja haigawanywi kwa wawili

Mzazi mwenye watoto wengi hujifunza kugawa: mkate mmoja kwa wanne, shuka moja kwa wawili. Tabia hii ni ya busara katika mambo mengi, ila katika dawa huleta hasara.

Chukua dawa mseto ya malaria inayotolewa vituoni. Kifurushi cha mtoto mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 kina vidonge 6: kimoja kwa kila dozi, dozi 2 kwa siku, kwa siku 3. Anayeanzia kilo 15 hadi chini ya 25 hutumia vidonge 2 kwa kila dozi. Kifurushi kimoja kikigawanywa kwa ndugu wawili, hakuna anayemaliza tiba. Homa hushuka, vimelea vinabaki, na baada ya siku chache wote wawili hurudi hospitalini, na gharama huwa mara mbili ya ile iliyokwepwa.

Vivyo hivyo kwa antibaiotiki za unga unaochanganywa na maji. Zikishachanganywa hudumu siku chache tu, kwa kawaida 7 hadi 14 kwa kufuata maelezo ya chupa. Chupa iliyobaki tangu mkubwa augue mwezi uliopita haifai tena, na wala ugonjwa wa mdogo si lazima uwe ule ule. Imwageni, au irudisheni kwenye duka la dawa.

Kwa kuharisha, kila pakiti ya ORS ina kiasi chake cha maji. Pakiti iliyozoeleka ni ya lita 1. Zipo pia ndogo zaidi, kwa hiyo soma kabla ya kuchanganya. Usigawe unga wa pakiti moja kwa kukadiria kwa macho. Ukiwa mwingi kuliko maji, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto; ukiwa mchache, haumrudishii alichopoteza. Changanya pakiti nzima katika kipimo chake cha maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kisha ndipo uwagawie watoto. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Aliyezidi umri huo, mililita 100 hadi 200. Yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa pamoja na ORS kwa siku 10 hadi 14, viwe vya kila mtoto kwa karatasi yake.

5. Maziwa na chakula

Maziwa ya mama hayana bei dukani wala tarehe ya kwisha muda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe bila kupewa kitu kingine chochote kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa za Uuzaji wa Bidhaa Mbadala wa Maziwa ya Mama, zinazokataza bidhaa hizo kutangazwa kwa umma. Mlaji anayeambiwa kwamba maziwa ya kopo ni bora kuliko ya mama ajue kwamba anadanganywa.

Ikiwa mtoto analazimika kutumia maziwa ya kopo kwa ushauri wa mtaalamu, kanuni ya kupima ni kali. Tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo lile lile, na kiasi cha maji kilichoandikwa. Kopo ni ghali, na nyumbani wapo wengine wanaolitamani. Hapo ndipo huja kishawishi cha kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Maziwa mepesi hujaza tumbo bila kulisha, na mtoto hudhoofika huku akionekana ameshiba. Unga ukizidi, nao huzielemea figo. Familia ikiona kopo halitatosha, ni afadhali irudi kliniki kuomba ushauri kuliko kulinyoosha.

Vyakula vifuatavyo vyaweza kuwa mezani kwa ajili ya wakubwa, lakini havimfai mdogo:

- Asali: asipewe mtoto wa chini ya miezi 12, kwa kuwa yaweza kuwa na vijimelea vinavyozalisha sumu tumboni mwake.
- Maziwa ya ng'ombe: yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto wa chini ya miezi 12.
- Karanga nzima na pipi ngumu: humkaba mtoto wa chini ya miaka 5. Karanga zisagwe.

Unga wa lishe unastahili kutajwa peke yake. Mahindi na karanga vilivyohifadhiwa vikiwa na unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Katika nyumba yetu ya mfano, mkubwa hula wali, ndizi, maharage na mboga, lakini mtoto aliyeanza chakula karibuni hula uji huohuo asubuhi, mchana na jioni. Unga mbaya humwangukia yeye kuliko wengine. Nunua nafaka kavu, chambua na kutupa punje zilizovunjika, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, kisha usagishe kiasi cha kutumika kwa muda mfupi.

6. Kuhifadhi: mkono wa mkubwa, mdomo wa mdogo

Wazazi wengi huhifadhi vitu juu ya kabati na kuona kazi imekwisha. Nyumba yenye mtoto mmoja anayetambaa huenda ikatosheka na hilo. Nyumba yenye wanne haitosheki, kwa sababu mtoto wa miaka 7 hupanda kigoda, hushusha alichokitafuta, huacha kingine sakafuni, na mtambaaji hukiokota. Kipimo cha kweli cha usalama ni mkono wa mkubwa ukiungana na mdomo wa mdogo. Kwa hiyo vitu vya hatari vihitaji kufuli au komeo, wala si urefu tu.

*Mafuta ya taa, dawa za wadudu na za kutoa madoa.* Visiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma lebo, lakini anaijua chupa ya soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa maana yakirudi juu huweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe.

*Betri ndogo za duara*, zile za saa, rimoti na midoli yenye sauti. Zikimezwa na kukwama kooni huweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Unaponunua kifaa chenye betri hizo, hakikisha kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza, usingoje dalili.

*Midoli.* Maneno "miaka 3 na zaidi" hayapimi akili ya mtoto. Yanaonya kwamba mna vipande vidogo vinavyoweza kumkaba. Usimnunulie mdogo kwa sababu "ni mwerevu". Vitu vidogo vya mkubwa viwe na mfuko wake wenye zipu, na achezee mezani, si sakafuni.

*Wembe na vitu vikali.* Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Walikuwa wakisema juu ya mkaidi anayefundishwa na ulimwengu, si juu ya mtambaaji. Wembe uliotumika utiwe katika kopo lenye kifuniko na kutupwa.

*Moto na maji ya moto.* Jiko la mkaa lisiwashwe wala kuachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa ajili ya joto la usiku. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Mtoto akiungua, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta.

*Maji ya kuogea.* Mtoto mdogo huweza kuzama katika beseni au ndoo yenye maji kidogo sana, bila kupiga kelele. Baada ya kuoga, beseni limwagwe na kufunikwa.

7. Kaka na dada

Katika jamii zetu mtoto mkubwa husaidia kumlea mdogo, na malezi hayo humfunza huruma na uwajibikaji. Somo hili halipingi desturi hiyo. Lakini ziko kazi tatu ambazo mtoto wa miaka 7 asipewe peke yake: kutoa dawa, kushughulika na moto, na kuogesha. Anaweza kuleta taulo, kubembeleza, kucheza na mdogo wake mbele ya macho ya mtu mzima, na kumwita mama. Mfundisheni sentensi moja: "Nikiona kitu kidogo sakafuni, naokota na kumpa mama." Mtoto aliyeelezwa sababu huwa mlinzi mwema, asiyeelezwa hulaumiwa kwa jambo asilolijua.

8. Hesabu ya bei

Fedha ya familia kubwa hutoka kidogo kidogo, na kwa hiyo bidhaa nazo hununuliwa kidogo kidogo. Si kila mara hilo ni hasara. Lililo muhimu ni kujua bei ya kipimo kimoja.

Tuseme pakiti ya nepi 10 za kutupwa ni shilingi 5,000, na ya nepi 40 ni shilingi 16,000. Katika ya kwanza nepi moja ni shilingi 500. Katika ya pili ni shilingi 400. Mtoto anayetumia nepi 5 kwa siku hutumia 150 kwa mwezi, na tofauti inafika shilingi 15,000. Lakini hesabu haijaisha. Nepi huuzwa kwa uzito wa mtoto. Ikiwa anakaribia kuvuka uzito ulioandikwa, nepi zitakazosalia zitakuwa hasara. Vilevile nepi za kitambaa zinazofuliwa hununuliwa mara moja na huweza kurithiwa na mtoto anayefuata.

Kwa jumla: sabuni, mchele na vitu visivyoharibika upesi hufaa kununuliwa kwa wingi, hata kwa majirani wawili kuchangia gunia. Dawa, maziwa ya kopo na unga wa lishe visinunuliwe kwa akiba ya muda mrefu. Tazama pia tarehe ya kwisha muda. Bei iliyopunguzwa ghafla mara nyingi ina sababu yake. Mafuta ya kupikia na unga vya kupima, hakikisha mizani inaanzia sifuri kabla ya bidhaa kuwekwa.

9. Haki zako na pa kupeleka malalamiko

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Kumlinda Mlaji, iliyopitishwa mwaka 1985, inataka mlaji alindwe dhidi ya hatari kwa afya na usalama wake, na apewe taarifa za kutosha za kumwezesha kuchagua. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Unapokuta bidhaa yenye kasoro, fanya yafuatayo:

1. Acha kuitumia, lakini usiitupe. Hifadhi bidhaa, kifungashio na risiti mahali ambapo watoto hawafiki.
2. Rudi kwa muuzaji ukiwa na risiti, ueleze kasoro kwa upole na uthabiti.
3. Usiporidhika, peleka lalamiko panapohusika: ubora wa bidhaa na usalama wa chakula, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), dawa na vifaa tiba, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), mizani na vipimo, Wakala wa Vipimo, bidhaa bandia au mauzo ya udanganyifu, Tume ya Ushindani (FCC).

Usinyamaze kwa kuona kuwa fedha iliyopotea ni ndogo. Mdoli ulioachia betri nyumbani kwako bado unauzwa, na atakayeununua kesho huenda naye ana mtoto anayetambaa.

10. Muhtasari

Lebo humzungumzia mtoto mmoja. Mzazi analea kadhaa. Kazi ya mlaji ni kuisoma lebo mara nyingi kadiri ya idadi ya watoto wake: nguvu ya dawa na uzito wa kila mmoja, kiasi cha maji kwa kila pakiti, umri kwa kila mdoli. Chakula na mapenzi vigawanywe kwa wote, dozi haigawanywi. Na kila kitu kinapowekwa mahali pake, aulizwe kwanza, kimoyomoyo, yule asiyeweza bado kujibu: je, mdogo akikipata hiki itakuwaje?

Zoezi la nyumbani

Pigeni magoti, wewe na mtu mzima mwingine, mkitembee chumba kizima kwa urefu wa mtoto anayetambaa. Orodhesheni kila kinachoingia mdomoni, kinachomwagika, kinachokata na kinachounguza. Kisha mwombe mtoto mkubwa aoneshe, bila kugusa, vitu anavyoweza kuvifikia akisimama juu ya kigoda. Yaunganisheni majibu yote mawili; hiyo ndiyo orodha ya vitu vya kufungiwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika nyumba yako, ni nani hutoa dawa mama asipokuwapo? Anajuaje dozi iliyokwisha kutolewa?
2. Chupa mbili za parasetamoli zina jina moja na bei tofauti. Utatazama nini kabla ya kuchagua?
3. Jirani anaomba umgawie nusu ya dawa mseto ya mwanao kwa sababu duka limefungwa. Utamjibu nini, na utamsaidiaje?
4. Taja bidhaa mbili unazonunua kidogo kidogo. Kokotoa bei ya kipimo kimoja na uilinganishe na ya pakiti kubwa.
5. Ni bidhaa gani ya mtoto wako mkubwa ambayo leo jioni utaihamisha mahali ilipo?